Neno Moja, Kazi Nne

Kila alipotoka shuleni, Kasuku alipitia kwa shangazi yake, fundi cherehani, akaokota pini chini ya meza ya kukatia. Wenzake walimpa jina hilo kwa vile alinasa lugha za watu upesi, naye msichana mwenyewe hakuona haya kujitangaza.

Wiki hiyo alijigamba kwamba anajua Kitaliano. Kusema kweli alijua neno moja tu. Shangazi alimshukuru mteja mpya, mwalimu wa muziki kutoka Italia, na yule mama akajibu, "Prego." Kasuku akakata shauri: prego ni karibu. Kwisha kazi.

Siku ya pili mteja alileta gauni refu la hariri, aliloachiwa na marehemu mama yake, lipunguzwe kiuno. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji. Shangazi aliiona mikono ya gauni ni mirefu mno, akapiga mstari wa chaki juu ya kiwiko, akashika mkasi.

"Hebu muulize, na mikono niifupishe hapa?"

Kasuku akabwabwaja maneno ya kubuni, yote yakiishia na o. Mteja akakunja uso. "Prego?"

"Anasema karibu, kata tu."

Mkasi ukafunguka. Hapo ndipo Kasuku alipokumbuka kwamba sauti ya yule mama ilipanda mwishoni, kama ya mtu anayeuliza. Akinyamaza, hariri ya marehemu imeharibika. Akisema, sifa zake zimekwisha.

"Shangazi, usikate. Sijui amesema nini. Kitaliano sikijui."

Mteja alipouona mkasi, alishika kifua. "Hapana kata. Mikono ndefu." Alipotulia, alicheka, akaanza kuwaonyesha. Alimpisha shangazi mlangoni: "Prego." Akamsogezea kiti: "Prego." Akaambiwa asante: "Prego." Kisha akatega sikio kama asiyesikia vizuri: "Prego?"

Kasuku akahesabu kwa vidole: nne. Neno dogo hivyo, na kazi zote hizo!

"Na karibu yetu je?" shangazi akasema. "Mtu akibisha hodi, karibu. Akishukuru, karibu. Chakula kikiwa mezani, karibu. Na shule yako iko wapi? Karibu."

Neno hilo Kasuku alilitamka tangu utotoni, na hakuwahi kulitazama hata siku moja.

Shangazi akaufuta mstari wa chaki. "Kutojua si aibu, mwanangu. Mimi mwenyewe kila siku nauliza wateja, hapa au hapa? Aibu ni kunifanya nifungue mkasi kwa neno usilolijua. Gauni jingine tungelishona, lakini la mama yake tungelitoa wapi?"

Kasuku aliinamisha kichwa, akaomba radhi.

"Haya, sasa muulize kiuno nipunguze hadi wapi," shangazi akasema. "Safari hii kwa kidole."