Pete ya Kioo ya Mzee Munir

Mashavu ya Mzee Munir yalikuwa yamevimba, na mwenyewe amelala.

Rihab alisimama na sinia la zeituni, adhuhuri, akimtazama baba yake kochini. Midomo kaibana kama anapuliza bomba. Si ajabu, kapuliza vioo hapa mjini Sarafand maisha yake yote. Ila pumzi ilitoka tu, hairudi. Na chumba kilinuka kuni zinazoungua, ilhali tanuri lao lilizimwa tangu majira ya baridi.

"Baba!"

Mzee akakurupuka. "Kuna mtu ananishikia bomba, mama. Anasema puliza, bado hakijatimia."

"Umekula nini?"

"Maneno ya binti yangu msomi. Nenda kazini." Akacheka, akalala tena, mashavu yakavimba.

Rihab alikuwa msomi kweli. Shahada mbili za mambo ya kale, akaishia kuuza makava ya simu, hadi alipopata kibarua cha kuchimbua karakana ya kale ya vioo kule mjini Sur. Nacho kikataka kufungwa! Tanuri walilipata, mabonge ya kioo waliyapata. Kilichokosekana ni ushahidi kwamba vyombo vilipulizwa palepale: ile pete ya kioo inayobaki kwenye ncha ya bomba chombo kikishakatwa. Kwa baba yake zilijaa ndoo. Akaiba moja, akaifukia kwenye majivu yenye umri wa karne tisa, akaifukua mbele ya watu. Wakampigia vigelegele, na kibarua kikaendelea.

Mzee alipokosa kuamka, sheikh aliitwa, akamsomea, akatoka anajifuta jasho. "Hajapandwa na jini huyu," alinong'ona. "Kaitwa kazini. Jini wa tanuri kapewa kitu chenye pumzi yake. Kirudisheni kabla hajamaliza chombo, la sivyo hatamwachia."

Rihab akakimbilia Sur, kwa mkuu wa uchimbaji.

"Ustadh Nizar, ile pete niliiweka mimi. Ni ya baba. Chupa za bia zilizoyeyushwa, wallahi. Nipe niirudishe."

Ustadh akafungua kisanduku. Pete ilikuwa imevaa magamba ya rangi za upinde wa mvua, yanabanduka kama ganda la kitunguu.

"Magamba haya hufanywa na udongo, kwa mamia ya miaka. Chupa za bia? Umechoka, binti."

"Haikuwa hivi! Nipe!"

"Khalas, yaishe, Rihab! Unataka sote tukauze makava?"

Rihab akamnyang'anya, na pete ilikuwa ya moto, moto wa kitu kilichotoka tanurini sasa hivi, na ile harufu ya kuni ikamjaa kooni, na alipogeuka akimbie nayo nyumbani akasikia kelele kutoka shimoni, wachimbaji wanashangilia, mmoja anapanda ngazi amekumbatia chombo cha kijani, kizima, hakina hata ufa.

"Da Rihab, njoo uone! Shingo inalingana na pete yako!"

Ndani ya kioo ukungu wa pumzi ulikuja, ukaondoka. Ukaja, ukaondoka. Ukaja.

Haukuondoka tena. Simu ya Rihab ikaanza kuita, namba ya nyumbani, na Ustadh Nizar akasema kwa furaha, "Angalia, kimetimia."