Plagini za Ashfaq

Majirani zangu, hili ninalosimulia limetokea nyumba inayopakana na yangu, hapa hapa Jashore, na wengi wenu mliisikia nusu yake. Mimi ni Jahanara, mshona kantha, zile shuka nzito za kutarizi. Sikilizeni nusu iliyobaki.

Majira yale ya baridi tulikuwa tukikaa uani kwa jirani yangu Mahfuza, ukungu ukishaondoka, miguu tumeianika juani. Sari kuukuu tumezitandika tabaka juu ya tabaka, kila mmoja anatarizi upande wake. Katikati kuna sinia la bisi za mchele na sukari guru ya mtende. Dirishani tulimwona mume wa Mahfuza, Ashfaq, akibonyeza laptopu yake. Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti, na aliijua. Laptopu ilikuwa ya zamani, kwa hiyo alitumia programu nyepesi ya kuandikia kurasa za tovuti, isiyo na mapambo, isiyoichosha mashine. Yeye anaandika, sisi tunashona. Nyumba ilikuwa imetulia.

Siku moja Mahfuza alirudi kutoka sokoni anahema. Mwanamke mmoja wa Dhaka, Dada Tahmina, mwenye duka linalopeleka kantha ng'ambo, alikuwa ameziona zetu akazipenda. Alitaka kikundi chetu cha washonaji kiwe na tovuti, wateja wake waone kantha na wanawake wanaozishona. Mwezi wa Falgun, baridi ikiisha, angekuja tuwekeane mkataba.

"Tovuti?" Ashfaq alicheka. "Mke wangu, hiyo kwangu si kazi, ni kifungua kinywa."

Tulipiga vigelegele. Nyinyi mnamjua dalali wetu: ananunua kantha kwa bei ya tambara, anabandika lebo yake, anauza kwa bei ya harusi. Tulidhani tumeshamuaga.

Ashfaq alikaa kuanza. Kabla ya kuandika hata mstari, akasema chombo kwanza kiwekwe sawa. Ile programu yake ilikuwa na vijiprogramu vya kuongezea, watu huvitengeneza na kuvitoa bure mtandaoni. Yeye aliviita plagini. Akaweka moja inayofunga mabano yenyewe. Akaweka nyingine inayopaka maneno rangi. Nyingine ilionyesha ukurasa pembeni wakati anaandika. Hayo yote, nawaambia ukweli, ni mambo mazuri, yanasaidia. Lakini hakusimama hapo. Rangi ya kijani akaiona inaumiza macho, akaibadilisha, kisha akairudisha. Alitafuta mwandiko wa herufi kama mtu anayetafuta mchumba. Plagini mbili zikigombana, alishinda siku nzima kuzipatanisha.

Mahfuza alipeleka chai dirishani. "Baba Tuli, tovuti yetu imefika wapi?"

"Nimeshaanza. Hii hapa inafunga mabano yenyewe, tazama."

"Nimeona. Na mabano yenyewe umeandika mangapi?"

Sote uani tukaangua kicheko. Bibi Rahela, mkubwa wetu, akapaza sauti: "Shemeji, randa ukiinoa mpaka chuma kiishe, kitanda utachongea meno?"

"Bibi, wewe shona tu. Mambo ya kompyuta yana watu wake."

"Haya, bwana mwenye mambo yako."

Wiki zikapita. Kicheko kikapungua, kisha hakuna aliyecheka tena. Ashfaq alikuwa haendi hata kumchukua binti yao Tuli shuleni. Mahfuza aliacha sindano akaenda mwenyewe. Ashfaq akiulizwa, alijibu bila kugeuza kichwa: "Kidogo tu, nakaribia." Mkewe akawa anauliza mara chache zaidi. Jamani, mwanamke anayegomba bado ana matumaini. Mimi nilimwona Mahfuza akianza kunyamaza, nikadhani amechoka tu.

Dada Tahmina akapiga simu kwamba anakuja kesho. Hapo ndipo Ashfaq aliposhtuka. Aliandika kurasa asubuhi moja, akaweka picha zetu, na kwa kuwa muda umemwishia akatafuta plagini ya kumrahisishia: ukihifadhi tu, inapeleka kazi yako mtandaoni papo hapo. Baadaye alitusimulia mwenyewe kwamba programu ilimwonya. Ilimwambia mtengenezaji hajulikani, ikamuuliza kama anamwamini. Akabonyeza ndiyo. Plagini ikamwomba neno la siri la tovuti. Akaipa.

Tuliiona tovuti jioni ile, na ilipendeza. Bibi Rahela alijiona pichani, akasema, "Kumbe bado naolewa!"

Kesho yake Dada Tahmina alifika. Mahfuza alikuwa amepika khichuri ya mchele na dengu na kukaanga samaki wa hilsa. Mgeni alishika kantha zetu moja moja, akageuza upande wa ndani kuangalia mishono, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mkataba ulikuwa kwenye mkoba wake.

"Haya, tuitazame pamoja ile tovuti mliyonitumia jana," alisema, akaifungua kwenye simu yake.

Uso wake ukabadilika. Akatugeuzia simu. Palipokuwa na picha zetu palikuwa na meza za kamari, sarafu zinazonyesha kama mvua, na wasichana waliovaa nguo nusu. Juu, jina la kikundi chetu.

"Ni nini hii?" Bibi Rahela aliuliza. "Mimi niko wapi?"

Ashfaq alinyang'anya simu, akatazama, akakimbilia ndani. Tulimsikia akibonyeza, akibonyeza. Aliyeitengeneza ile plagini alikuwa ameiba lile neno la siri, na tovuti sasa ilikuwa mali yake.

"Labda ni hitilafu, Dada," Mahfuza alisema.

"Labda," alijibu Tahmina kwa upole. "Lakini kiungo hiki nimeshawatumia watu wawili, nikiwa njiani. Nyinyi nitawapigia simu."

Aliondoka na mkataba wake mkobani, na hakupiga. Simu ya Mahfuza hakuipokea tena. Dalali alisikia habari kabla ya wiki kwisha, akaja na gari. Mkataba umekufa, nyumba zetu zinataka mchele. Tukampa kantha zote. Bei alipanga yeye. Tangu hapo wengi wetu tunashonea kwenye banda lake, kila mtu na kipande chake, bila kuzungumza, kwa sababu msimamizi hataki mazungumzo.

Mahfuza hakulia. Alikunja mkeka wa uani akausimamisha ukutani. Alipika, alifua, alimpeleka mtoto shule. Hakumwomba mumewe kitu tena, hata amsogezee chumvi.

Ashfaq alifuta plagini zote. Aliirudisha tovuti mikononi mwake, akabadilisha maneno yote ya siri, akaandika kurasa upya kwa ile programu nyepesi ikiwa tupu. Alimaliza kabla sufuria ya wali haijakauka maji. Nilikuwa jikoni pamoja na Mahfuza, Ashfaq alipotuita. Mahfuza alisimama mlangoni, mikono inachuruzika maji.

"Imependeza," alisema.

"Niweke picha za kantha zipi?"

"Hakuna kantha."

Akarudi jikoni. Ashfaq akanigeukia, macho mekundu. "Dada Jahanara, mwambie basi anigombeze. Anitukane. Chochote."

Nilikwenda nikamwambia, neno kwa neno.

Mahfuza alifunika sufuria. "Nimgombeze kwa lipi, Dada? Niachie nafasi hapo, moto unazimika."

Funzo

Ndugu zangu, zana ni za kufanyia kazi. Atakayetumia siku zake kuipamba zana, kazi itamsubiri mpaka ichoke, na walioitegemea watachoka pamoja nayo. Wekeni yale yanayowasaidia, kisha mfanye kazi. Na anayekuletea kitu cha bure, humjui jina wala kwao, usimkabidhi ufunguo wa nyumba kwa sababu umechelewa. Haraka ya mwisho ni mtoto wa uzembe wa mwanzo.

Nyumbani nako, mwenzako anapokuuliza, mjibu akiwa bado anauliza. Mimi nimeona jinsi mtu anavyoacha kuuliza. Hakukuwa na kelele, na hakuna aliyejua siku yenyewe.