Jacklyne Mbele ya Kamati ya Nidhamu

Jacklyne alikuwa akianika koti lake jeupe la maabara aliposikia simu ikilia ndani ya nyumba. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, katika mtaa wa Uthiru, pembeni mwa jiji. Baba yake, Dalmas, alikuwa tayari kazini. Karakana yake ya kuchomelea vyuma ilikuwa mbele ya nyumba, kando ya barabara inayoelekea Kinoo. Siku hiyo alikuwa akitengeneza mlango wa duka, na cheche ziliruka hadi kwenye mtaro.

Jacklyne alikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha katikati ya jiji. Alisomea kazi ya maabara ya hospitali. Mama yake, Nanyama, alibaki nyumbani Bungoma akilima. Kila Jumapili mama huyo aliwaambia wenzake kanisani kwamba binti yake atakuwa mtu wa hospitali.

Jacklyne alipangusa mikono, akaingia ndani, akafungua simu. Ujumbe ulikuwa umetoka ofisi ya msajili wa chuo. Aliusoma. Akausoma tena polepole, akitafuta mahali ambapo labda wamekosea jina.

Hawakukosea. Ujumbe ulisema anashukiwa kuvujisha mtihani wa somo la damu. Asiingie darasani hadi kesi yake isikizwe. Afike mbele ya kamati ya nidhamu wiki inayofuata, na kabla ya hapo alete maelezo yake kwa maandishi.

Akakaa kitandani.

Alilijua jambo lenyewe vizuri. Asubuhi ya mtihani alikuwa mkahawani hapo chuoni, pamoja na wanafunzi wenzake wawili, Quincy na Wavinya. Quincy alimtumia picha kwa WhatsApp. "Angalia tu," alimwambia. "Ni kitu ya kukusaidia."

Jacklyne alifungua. Ilikuwa karatasi ya mtihani. Alisoma maswali mawili, kisha akaifunga. Baadaye kidogo Quincy alisema bando lake la intaneti limeisha, akamwomba Jacklyne simu yake atume kitu. Akampa. Wavinya alikuwa hapo anakunywa chai, akiona. Punde simu za watu mkahawani zikaanza kulia, moja baada ya nyingine. Quincy alikuwa ameituma ile picha kwenye kundi la darasa zima, kwa simu ya Jacklyne.

Jacklyne aliingia kwenye mtihani. Alijibu maswali yote, hata yale mawili. Hakumwambia mwalimu yeyote.

Sasa alimpigia Quincy.

"Niaje Jacky," Quincy alisema.

"Nimeitwa na kamati. Wanasema ni mimi nilivujisha."

"Futa ile meseji yangu. Saa hii. Ukiulizwa, sema simu yako ilikuwa imeibwa."

"Lakini si ni wewe uliituma?"

"Usinichome, Jacky. Ukinitaja, tunafukuzwa sisi wote."

Akakata simu. Jacklyne alifungua ujumbe wa Quincy na kuufuta. Alidhani angepata nafuu. Badala yake hofu ilizidi. Ule ujumbe tu ndio uliokuwa ukionyesha kwamba picha ilitoka kwa mtu mwingine, na ameufuta kwa mkono wake.

Hakumwambia baba yake. Kila asubuhi alivaa, akabeba mkoba, akaenda mjini kama kawaida. Alipofika hakuwa na pa kwenda. Alitembea barabara ya Tom Mboya kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi. Aliingia kwenye maduka na kutazama viatu asivyotaka kununua. Akimwona askari wa kulinda jengo akimtazama, alihisi kama mtu huyo anajua. Akisikia mtu akicheka nyuma yake, alidhani anachekwa yeye. Hakuweza kula.

Siku ya nne alikuwa ameketi kwenye benchi bustanini aliposikia sauti anayoijua.

"Jacky? Leo hakuna masomo?"

Alikuwa baba yake. Alikuwa amekuja mjini kununua fito za kuchomelea, na alikuwa amezishika kwapani. Jacklyne alijaribu kusema kitu, akalia.

Dalmas alisikiliza yote papo hapo bustanini, akiwa amesimama. Hakumgombeza, na jambo hilo lilimtisha Jacklyne zaidi. Baba yake alikuwa mtu wa kupaza sauti. Sasa alikuwa ananong'ona.

"Watakufukuza," alisema. "Na mama yako nitamwambia nini?"

Kesho yake Dalmas alimpigia Ogutu, mtu aliyewahi kufanya kazi naye. Ogutu alidai kwamba anamjua mtu ndani ya chuo, na mtu huyo anaweza kulipoteza faili. Angetaka kitu kidogo cha kumfuta jasho. Dalmas hakuwa nacho. Akaanza kuipangusa mashine yake kubwa ya kuchomelea ili aiuze.

Alikuwa bado anaipangusa mteja wake mmoja alipofika. Aliitwa Wahu, lakini watu wa Kinoo walimwita Mama Debra. Alikuwa amekuja kuulizia lango la banda lake la kuku. Kabla ya kustaafu na kuanza kufuga, Mama Debra alikuwa mhadhiri, na kwa miaka mingi alikuwa mjumbe wa kamati ya nidhamu katika chuo alichofundisha.

"Baba Jacky, mbona mashine iko nje namna hiyo?" aliuliza.

"Nataka kuiuza, Mwalimu."

"Halafu lango langu utalichomelea na nini?"

Dalmas alitaka kucheka, akashindwa. Akamweleza. Jacklyne alikuwa amesimama mlangoni. Alitamani ardhi immeze, lakini baba yake alisema kila kitu, hata habari ya Ogutu.

Mama Debra alivuta stuli, akaketi. "Rudisha hiyo mashine ndani," alisema. "Ukimpa mtu hongo, binti yako atakuwa na kesi mbili. Ya kwanza anaweza kujieleza. Ya pili hamna wa kuwaokoa. Na huyo mtu wa Ogutu huenda hata hayuko."

"Lakini hawa watu si wameshaamua, Mwalimu?" Jacklyne aliuliza. "Wameshanizuia darasani."

"Bado. Kuitwa si kuhukumiwa. Wamekuzuia ili wachunguze. Ujumbe wao unasema umeshukiwa, sivyo? Basi kazi ya kuonyesha kwamba ulifanya ni yao. Lakini na wewe una kazi yako. Lete simu niusome."

Mama Debra aliusoma ule ujumbe kwa makini. Kisha akamuuliza Jacklyne kama chuo kimemwonyesha ushahidi. Jacklyne alisema hapana.

"Uombe. Waandikie leo. Sema unaomba kuona ushahidi walio nao na kanuni za nidhamu za chuo. Ni haki yako kujua unashtakiwa nini na kwa msingi gani. Ukiona muda wa kujiandaa hautoshi, omba waongeze. Na uulize kama unaruhusiwa kwenda na mtu. Vyuo vingi huruhusu mzazi au kiongozi wa wanafunzi."

"Na hayo maelezo niandike nini?"

"Andika kilichotokea. Chote."

Jacklyne alitazama chini. "Hata kwamba niliisoma?"

"Wewe uliisoma?"

"Maswali mawili."

Dalmas aliacha kupangusa. Barabarani lori lilipita, likaacha vumbi.

"Na ujumbe wa Quincy uko wapi?" Mama Debra aliuliza.

"Niliufuta."

Mama Debra alivuta pumzi. "Hapo umejiumiza mwenyewe. Mtu akishukiwa, asifute kitu. Hata kile kinachomwaibisha. Nimekaa kwenye kamati nikaona vijana wengi. Walioumia zaidi ni wale waliotuambia uongo mdogo mwanzoni. Tulipoufikia huo uongo, hatukuamini tena hata ukweli wao. Wewe andika kwamba uliufuta na useme kwa nini. Kisha andika jina la kila mtu aliyekuwa hapo."

"Wavinya alikuwa hapo."

"Basi mtaje. Kamati ndiyo itakayomwita."

Jacklyne aliandika maelezo yake mezani, mchana huo huo. Alipofika kwenye yale maswali mawili, kalamu ilisimama. Kule chuoni hakuna aliyejua habari hiyo isipokuwa Quincy. Angeweza kuiruka. Alikaa hivyo hadi baba yake akaja kula. Kisha akaandika.

Aliona ni vyema kumwambia Wavinya kabla hajaitwa. Walikutana mjini, nje ya maktaba.

"Mimi sitaki kuingia hiyo maneno," Wavinya alisema. "Watasema na mimi nilikuwa najua."

"Siombi uniongezee kitu. Sema tu kile uliona."

"Na Quincy akijua nimemtaja?"

Wavinya alifunga zipu ya mkoba wake, akaondoka bila kuahidi chochote.

Chuo kilijibu. Kilimtumia nakala ya ushahidi, yaani picha ya skrini ya kundi la WhatsApp la darasa ikionyesha jina lake, na kanuni za nidhamu. Alizisoma pamoja na Mama Debra. Kwa kuwa kanuni ziliruhusu mzazi, walikubaliana kwamba Dalmas ataandamana naye.

Siku ya kusikizwa, Jacklyne alishindwa kufunga vifungo vya blausi. Baba yake alisubiri mlangoni, amevaa koti analovaa kanisani. Waliketi kwenye korido ya chuo, orofa ya juu, pamoja na wanafunzi wengine wenye kesi zao. Mvulana mmoja aliingia, akatoka amefunika uso kwa kofia.

"Kama unataka tuende nyumbani, tutaenda," Dalmas alimwambia kwa sauti ya chini.

Aliitwa kabla hajajibu.

Meza ilikuwa ndefu. Mwenyekiti alikuwa Daktari Njuguna, mtu mwembamba wa sauti ya upole. Pembeni yake waliketi wahadhiri, mwakilishi wa wanafunzi, na mwandishi wa kumbukumbu. Njuguna alimweleza Dalmas kwamba anaweza kukaa karibu na binti yake, lakini majibu yatatoka kwa binti. Kisha akamsomea Jacklyne mashtaka.

"Picha hii ilitoka kwa simu yako?"

"Ndiyo."

"Wewe ndiye uliyeituma?"

"Hapana. Quincy aliazima simu yangu."

"Ujumbe wa Quincy kwako uko wapi?"

"Niliufuta. Niliogopa."

Mhadhiri mmoja aliandika kitu. Jacklyne alisikia kalamu ikikwaruza karatasi.

"Na wewe," Njuguna alisema, "uliiona hiyo karatasi kabla ya mtihani?"

Swali ndilo hilo. Maelezo yake yalikuwa mezani, lakini kusema kwa mdomo lilikuwa jambo jingine. Alisikia baba yake akipumua ubavuni mwake.

"Ndiyo," alisema. "Nilisoma maswali mawili. Sikumwambia mtu. Nilipaswa kusema."

Mhadhiri wa somo la damu aliinua uso. "Siku moja utakaa kwenye maabara, Jacklyne. Utaambiwa upime damu ya mgonjwa, na hakuna mtu atakayekuwa amekuonyesha jibu. Ukikosea, atawekewa damu isiyomfaa, naye anaweza kufa."

"Najua, Mwalimu," alisema, na machozi yakamtoka.

Wavinya aliitwa. Jacklyne hakujua kama amekuja. Mlango ulifunguka, naye akaingia, amekumbatia mkoba wake kifuani. Alisema kwa sauti isiyosikika vizuri, mwandishi akamwomba arudie. Alirudia. Alisema Quincy aliomba simu ya Jacklyne, akaishika kwa muda, akairudisha, na ndipo simu za wengine zikaanza kulia.

"Una swali kwa shahidi?" Njuguna alimuuliza Jacklyne.

"Hapana. Asante, Wavinya."

Quincy alipoitwa, alikana. Alisema hakushika simu ya mtu. Lakini wanafunzi wengine walikuwa wameshaiambia kamati kwamba yeye ndiye aliyewaonyesha picha hiyo hiyo kabla ya siku ya mtihani. Alipoulizwa kuhusu hilo, alitazama dirishani. Kesi yake ingesikizwa kivyake, na uchunguzi kuhusu mahali alipoipata karatasi uliendelea.

Uamuzi haukutolewa siku hiyo. Jacklyne alirudi Uthiru kungoja, na kule kungoja kulimchosha kuliko kuulizwa. Kila simu ilipolia, Dalmas alizima grinda yake ya kukatia vyuma.

Hatimaye uamuzi ulikuja kwa maandishi, pamoja na sababu zake. Kamati ilisema Jacklyne hakuvujisha mtihani. Lakini alikuwa ameuona na kunyamaza, kisha akafuta ushahidi. Alama zake za somo hilo zilifutwa. Atarudia mtihani. Alipewa onyo la maandishi. Arudi darasani mara moja. Mwishoni walieleza jinsi ya kukata rufaa kama hajaridhika.

Dalmas, akiwa na Jacklyne, alimpelekea Mama Debra lango lake, na ule uamuzi ukiwa mfukoni.

"Tukate rufaa, Mwalimu?" aliuliza.

"Muulize mwenye kesi."

"Sikati," Jacklyne alisema. "Walichosema ndicho nilichofanya."

Alirudia mtihani akiwa peke yake katika chumba, mbele ya msimamizi mmoja. Alisoma kila swali kwa mara ya kwanza. Mengine yalimtoa jasho. Matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu, si kwa alama za juu, lakini amefaulu. Muhula uliofuata alipangiwa mafunzo ya kazi katika maabara ya hospitali.

Jumapili moja alasiri aliketi nje ya karakana iliyofungwa, akampigia mama yake Bungoma. Walikuwa wamemficha jambo hilo kwa muda wote huo. Alimweleza kila kitu, kuanzia ile picha hadi lile onyo. Nanyama alisikiliza bila kumkatiza. Jacklyne alipomaliza, simu ilikuwa kimya, akadhani imekatika.

"Mama?"

"Niko. Na hayo maswali mawili, nani aliwaambia?"

"Ni mimi."

"Walikuwa wanajua?"

"Hapana, Mama. Hawangejua."

"Basi mwambie baba yako anitumie nauli," Nanyama alisema. "Nataka nikuone ukiwa umevaa hilo koti lako la maabara."