Kicheko cha Sekunde Kumi na Moja

“Sikia na hii,” mwenzake wa kaunta alisema, simu kaishika karibu na pua. “‘Kipindi chenyewe cha kawaida tu, lakini huyo mama anayecheka huko nyuma apewe mshahara.’ Watu elfu mbili wameipenda.”

“Hudumia mteja,” Dada Dawa alijibu.

“Mteja kashaondoka. Nyingine hii: ‘Mwanamke anacheka kama pikipiki inayogoma kuwaka, mwanangu kaamka analia.’ Halafu mtu kamjibu: ‘Muacheni, ndiye pekee aliyenichekesha.’”

Dada Dawa alikuwa anahesabu vidonge kwenye kisahani. Alifika kumi na nane, akapotea, akaanza upya. Mara ya tatu alivirudisha kwenye kopo, akasimama, akaenda kupanga rafu iliyokwisha kupangwa.

Nikueleze kilichotokea. Jana Jumapili alasiri ilirushwa sehemu ya kwanza ya kipindi kipya cha vichekesho, Wapangaji Sita. Watu sita, nyumba moja, bomba moja la maji. Waliokiangalia walianza kugombana kwenye maoni kabla majina ya waigizaji hayajamaliza kupita. Wengine walisema mwenye nyumba anajikamua mno, wengine wakasema kipewe muda. Ila jambo moja waliafikiana. Kila kichekesho kilipotoka, nyuma yake kilisikika kicheko cha mwanamke mmoja, yuleyule. Kinaanza kwa kukoroma, kinapanda, kinakatika kama mtu kakabwa, halafu kinalipuka upya. Mara ishirini na tatu. Kuna mtu alikaa chini akahesabu, na huyo naye ana kwao.

Dada Dawa aliangalia kipindi hicho akiwa kwenye kochi na mchumba wake, mwalimu wa sekondari, mtu mpole ambaye hata shati la nyumbani hulipiga pasi. Kicheko cha kwanza kilipotoka, chai ilimmwagikia pajani. Mwalimu alimfuta kwa leso yake mwenyewe, akatikisa kichwa.

“Huyo mama hakufundwa kwao,” alisema. “Mtu mzima anachekaje vile mbele za watu?”

Dada Dawa aliichukua ile leso, akaendelea kufuta chai mwenyewe. Kicheko kilikuwa chake.

Usiku ule hakulala, na leo tangu asubuhi hakutulia. Zilibaki wiki tano kabla ya harusi. Kadi zilikuwa kwa mchapaji, zinasubiri neno la mwisho tu, na neno hilo Mwalimu alitakiwa kulipeleka kesho asubuhi. Na kuna mtu mmoja tu duniani aliyewahi kurekodi kicheko kile.

Simu ikatetemeka mfukoni mwa koti lake jeupe. Ujumbe, namba ngeni.

“Ni mimi, Masikio. Najua umenifungia namba. Nimefanya kosa kubwa na linakuhusu. Naomba dakika tano, niko nje.”

Aliinua macho. Kweli, alikuwa ng’ambo ya barabara, kasimama juani, kakonda. Fundi sauti wa kituo cha televisheni. Jina la Masikio alipewa na wenzake kazini kwa sababu alikuwa anaweza kusikia bomba linalovuja nyumba ya tatu.

“Nakwenda kula,” alimwambia mwenzake.

“Saa nne hii?”

“Nina njaa.”

Walisimama kwenye kibaraza cha duka lililofungwa. Masikio hakujua mikono aiweke wapi.

“Sema,” Dada Dawa alianza. “Dakika tano ulizoomba zinakwenda.”

“Tunapohariri kipindi, tunaweka kwanza kicheko cha muda. Ili mwongozaji ajue pa kuacha nafasi. Baadaye tunakitoa tunaweka cha watazamaji wa kweli. Watazamaji tulikuwa nao, ukumbi mzima, tuliwarekodi Ijumaa.”

“Halafu?”

“Nilituma faili la majaribio hewani. Yanafanana majina. Nilikuwa sijalala siku mbili.”

“Vicheko vimejaa duniani, Masikio. Kwa nini changu?”

“Ndicho kilichokuwa kwenye kompyuta.”

“Usinichezee.”

Alitazama viatu vyake. “Ndicho ninachokisikiliza,” alisema. “Kila siku kabla sijaanza kazi. Mwaka na nusu sasa.”

Dada Dawa alikunja mikono kifuani, akajikaza kwa hasira. Hasira alikuwa nayo ya kutosha. Mwaka na nusu uliopita mama yake aliwakusanya wajomba sebuleni kumsubiri huyu huyu aje kujitambulisha. Wakasubiri tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Simu yake haikupatikana. Alikuwa studio, kaitwa kwa dharura, na studio simu huzimwa mlangoni. Akasahau kuiwasha, akasahau siku, akasahau watu. Mjomba mkubwa aliondoka akisema, “Huyo bwana harusi labda tumtafute redioni.” Dada Dawa aliifungia namba yake jioni ile ile.

“Sasa unataka nini?” aliuliza.

Masikio alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. “Mwongozaji alitaka kunifukuza leo asubuhi. Halafu akaona maoni. Watu wanakitaka kicheko. Anasema ukisaini kwamba umeridhia, kitabaki kwenye kipindi chote, na mimi nitabaki. Usiposaini, kinatoka.”

“Na wewe?”

“Hilo lisikusumbue.”

“Ninaolewa, Masikio.”

“Najua. Mama yako aliniambia.”

“Mama yangu? Mmeongea lini?”

“Jana, kipindi hakijafika hata nusu. Alinipigia akauliza, ‘Mwanangu anafanya nini humo kwenye televisheni, na amejificha wapi?’ Alikujua palepale, kicheko cha kwanza.”

Dada Dawa aliichukua karatasi bila kuisoma, akaitia mfukoni. Alikuwa anawaza jambo jingine kabisa. Mama alimjua kwa mara moja. Mwalimu alisikia mara ishirini na tatu, bega kwa bega naye, na hakumjua. Mwenzake wa kaunta, mwaka mzima wanakula pamoja, naye hakumjua.

“Nenda,” alisema. “Nitakupa jibu.”

Mchana wote alifanya kazi kama anayefukuzwa. Alimpa mzee mmoja dawa ya kikohozi badala ya dawa ya tumbo, akamkimbilia mpaka kituo cha basi kumbadilishia. Mwenzake akamuuliza mara tatu kama anaumwa. Saa kumi na moja Mwalimu akaingia, kama kawaida yake, dakika haizidi, bahasha ya khaki mkononi.

“Mfano wa kadi huu hapa,” alisema akitabasamu. “Angalia jina la mama yako kama limeandikwa sawa. Kesho saa mbili anawasha mashine.”

“Njoo huku nyuma, Mwalimu. Nina neno.”

Stoo ilikuwa na kiti kimoja na maboksi. Mwalimu alimpisha kiti, yeye akakaa kwenye boksi la drip.

“Yule mama wa jana,” Dada Dawa alisema. “Uliyesema hakufundwa.”

“Wa kwenye kipindi? Hata shuleni leo walimu walikuwa hawana habari nyingine. Amefanyaje?”

“Ni mimi.”

Mwalimu alicheka kidogo, kisha akaona uso wake, akaacha.

“Wewe vipi?”

“Kilirekodiwa zamani. Na yule fundi sauti niliyekuambia. Kimerushwa kwa makosa.”

“Lakini mimi sijawahi…” Akakuna shavu. “Miezi kumi na moja. Sijawahi kukusikia ukicheka vile.”

“Najua.”

“Jana nilikuwa nimekaa na wewe, na nikasema maneno yale.”

“Ulisema.”

“Nisamehe.” Alisema hivyo kwa moyo mmoja, na Dada Dawa akatamani angekuwa mtu mbaya, ili kazi iwe rahisi. “Hebu cheka basi,” Mwalimu aliendelea. “Nikusikie. Tusifanye jambo dogo likawa kubwa.”

“Hivi hivi?”

“Hivi hivi. Hapa hatuko na watu.”

Alijaribu, jamani. Alivuta pumzi, akaachama, na kilichotoka ni kile kicheko cha kaunta, anachowapa wateja wanaolalamikia foleni. Kifupi, kisafi, kina adabu zake. Kilikufa katikati ya maboksi, na wote wawili wakatazama sakafu.

“Ni mimi niliyekukataza?” Mwalimu aliuliza.

“Hapana. Mara moja tu. Kwenye mahafali ya shule yenu, yule mgeni rasmi aliposoma kwa makosa hotuba ya zamani, ya mwaka juzi. Nilianza kucheka ukanigusa mkono.”

“Ili unyamaze?”

“Ndiyo.”

“Sikumbuki.”

“Hukufanya kwa ubaya. Na mimi nilinyamaza mwenyewe, siku ile na siku zote zilizofuata. Niliona vizuri tu, nimepata mtu ametulia, na mimi nitulie.”

Mwalimu aliigeuza bahasha mkononi, akaigeuza tena.

“Bado unampenda?”

“Sijui. Nina hasira naye.” Machozi yalikuwa yameshaanza. “Mwaka na nusu bado nina hasira naye, Mwalimu. Wewe sijawahi hata kukukasirikia. Hata jana uliponiambia sikufundwa, sikukasirika. Nilifuta chai nikaendelea.”

Kule mbele mwenzake alikuwa anamwambia mteja ameze vidonge baada ya kula.

“Ningependa unikasirikie,” Mwalimu alisema mwishowe, taratibu. “Kwa mchapaji nitapita mwenyewe. Usijisumbue.”

“Niseme nini kwa watu wenu?”

“Nitasema mimi. Wewe sema kwenu.”

Alisimama, akamshika bega, akatoka kwa mlango wa mbele, akamuaga hata mwenzake wa kaunta. Dada Dawa alibaki kwenye kile kiti akalia mpaka koti jeupe likalowa kola. Alimwonea huruma Mwalimu, na alijiona mnyonge kwa sababu katikati ya huruma ile kulikuwa na kitu kama kupumua.

Jumanne asubuhi aliomba ruhusa mpaka saa sita, akaenda kituo cha televisheni. Chumba cha Masikio kilikuwa ghorofa ya pili, kidogo, kuta zimebandikwa sponji nyeusi, mlango mzito unaofunga bila sauti. Masikio aliruka kwenye kiti alipomwona.

“Umesaini?”

“Nisikilizishe kwanza.”

“Kicheko?”

“Chote. Tangu mwanzo.”

Alimvalisha vipokea sauti. Dada Dawa akasikia sauti ya Masikio, ile ya kuigiza msomaji wa habari, anasoma karatasi ya ndani ya paketi ya dawa ya minyoo: “Na sasa kwa undani zaidi. Mtumiaji anaweza kuona vitu vikitoka. Asitaharuki. Wananchi wametakiwa kuwa watulivu.” Halafu akajisikia yeye mwenyewe. Sekunde kumi na moja. Hakuwa amewahi kujisikia kwa nje. Kilikuwa kicheko kibaya, kweli, kinakoroma, na mwenye kicheko hicho alikuwa na raha mpaka inamchoma. Akavua vipokea sauti.

“Futa.”

“Kwenye kipindi? Mwongozaji anataka…”

“Kwenye kipindi, na kwenye kompyuta. Kila mahali ulipokiweka. Futa.”

Masikio alimtazama, kisha akageukia kompyuta. Hakubisha. Alifuta faili moja, la pili, la tatu. Akachomoa flashi, akaichomeka tena, akafuta lililomo.

“Na kwenye simu,” Dada Dawa alisema.

“Umejuaje?”

“Nakujua.”

Akafuta na kwenye simu.

“Huniulizi kazi yako itakuwaje?” Dada Dawa aliuliza.

“Kazi wataniambia wenyewe. Labda wanipeleke kwenye matangazo ya vifo, huko hawahitaji kicheko.” Alijaribu kutabasamu ikashindikana. “Sasa sina kitu chako hata kimoja.”

“Ndivyo ninavyotaka. Unajua kilichoniuma sana ni nini? Siyo ile siku uliyotuacha tunasubiri. Mtu hukosea. Ni kwamba baada ya hapo ulijifungia humu na kunisikiliza mwaka na nusu, na kwetu hujaja kugonga hata mara moja. Nilifunga namba, sikufunga mlango.”

“Niliona aibu. Ningemwambia nini mama yako?”

“Ungeshindwa hata kusema, ungekuja tu ukakaa. Mimi karibu niolewe na mtu mwingine, na nimemuumiza mtu asiye na kosa, kwa sababu wewe uliona aibu.”

Masikio alifunika uso kwa mikono. “Bado nakupenda,” alisema humo ndani ya viganja. “Nilifikiri kukusikia kunatosha.”

“Hakutoshi. Ukitaka kunisikia nikicheka, uje mwenyewe, kwa miguu yako. Umtazame mama usoni na umwombe radhi.”

“Lini?”

Dada Dawa alichukua mkoba wake. Masikio akaitazama saa ya ukutani, akautazama ule mlango mzito, akazima kompyuta na kuvaa viatu bila kufunga kamba.

Walishuka ngazi pamoja. Mwongozaji alimwita Masikio kutoka juu, mara mbili, akimuuliza karatasi iko wapi, naye akajibu kwamba haikusainiwa na haitasainiwa, akaendelea kushuka.

“Sitacheka,” Dada Dawa alimwambia walipofika barabarani. “Usije ukadhani leo nitacheka. Bado nina hasira na wewe.”

“Sawa.”

“Inaweza kuchukua mwezi. Inaweza kuchukua mwaka.”

“Nitakuwepo.”

“Usiniambie utakuwepo,” alisema, akipunguza mwendo ili amfikie. “Wewe uwepo tu.”