Kizibao cha Afande

Kwaru, kwaru, kwaru. Hakujapambazuka, na kucha zilikuwa zikikwaruza mlango wa kabati kwa ndani. Fundi cherehani akawasha taa, akafungua. Afande, mbwa wake wa kahawia aliyemwokota mtaroni, alikuwa amejikunja juu ya vitambaa vya wateja akitetemeka. Fataki za ukumbi wa jirani zilikuwa zimenyamaza tangu jana jioni, lakini kwake bado zililia.

"Mwenye nyumba kasemaje?" bibi yake aliyemlea aliuliza kutoka kitandani.

"Afande akibweka tena usiku kucha, atolewe. Na Jumamosi kuna sherehe nyingine."

Asubuhi sokoni, kwenye foleni ya bucha, fundi alisimama na gauni lake la maua alilojishonea, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Maini nusu kilo. Ya mbwa."

"Mbwa anakula maini!" sauti ikasema nyuma yake. "Mimi jana nimelalia chai."

Aligeuka. Kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa pasi, uso wa mtu anayeomba radhi kabla ya kukosea.

"Ni ya kumtuliza. Anaogopa fataki."

"Anaitwa nani?"

"Afande."

"Afande gani anaogopa mlio?" Alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Fataki za ukumbini?"

"Hizo hizo."

Alichezea vifungo vya shati. "Naweza kumsaidia, dada. Ukiniruhusu."

Akawa anakuja kila mchana. Alivua viatu mlangoni asimshtue mbwa, akaketi sakafuni akimpa mgongo, ili Afande asogee kwa hiari yake. Aliweka milio ya fataki kwenye simu, chini kabisa. Kila mlio, kipande cha ini. Mbwa akitafuna kwa raha, aliongeza sauti kidogo. Akilaza masikio, alipunguza. Fundi naye alishona kizibao cha kumbana kifua, kama mtoto mchanga anavyoviringishiwa nguo atulie.

Bibi aliona jinsi mikono miwili ilivyokutana kwenye bakuli la maini, ikakawia.

"Mke mwenzangu, huyo anamfundisha mbwa au wewe?"

"Bibi jamani!"

Ijumaa kijana alifika mbio, shati limekunjamana. Afande alinusa mkono wake, akarudi nyuma, akajisukuma chini ya cherehani. Fundi akasogea, akanusa pia.

"Baruti." Aliusukuma mkono. "Ndiyo maana milio unayo. Ni wewe unayelipua?"

"Ndiyo kazi yangu. Nilitaka kukwambia..."

"Umekaa sakafuni kwangu siku zote hizi!"

"Nilikuja kwa sababu ni mimi, mpenzi."

"Usiniite hivyo. Toka."

Jumamosi jioni fundi hakutulia. Alifunga pazia, akafungua, akafunga tena. Akasokota uzi hadi ukakatika. Simu ikaita. Akaiangalia tu.

"Pokea," bibi akasema. "Huyo alivua viatu kwa ajili ya mbwa. Mimi babu yako hakunivulia hata kofia."

Akapokea.

"Usikate," kijana akasema haraka. "Tutaanza na zile za rangi, hazina kishindo. Nitakupigia kabla ya kila mkupuo. Kizibao?"

"Kashavaa."

"Pazia? Redio?"

"Tayari."

"Basi mpe ini. Nawasha."

Puu. Afande alishtuka, akatazama mlango wa kabati, akatazama bakuli. Akatafuna.

"Anatetemeka," fundi akanong'ona.

"Na wewe?"

"Mimi pia."

"Basi kula ini nawe."

Akacheka bila kutaka. Simu iliita tena, na tena, mpaka mlio wa mwisho. Afande alilia kidogo, lakini kabatini hakuingia, wala hakubweka.

Baadaye kidogo mlango ukagongwa. Kijana alisimama nje, masizi shingoni, viatu tayari mkononi, anaogopa kuingia.

"Sijaoga. Nilitaka tu kujua kama yuko salama."

Afande alimwendea polepole. Alinusa mkono wa shati kwa muda mrefu, mkia chini. Fundi akamtilia kijana kipande cha ini kiganjani. Mbwa akakichukua.

"Kesho uje tena," fundi akasema.

"Nitakuja. Nitaoga vizuri, nivae lile jeupe."

"Hapana." Alimfuta masizi kwa pindo la kanga. "Uje hivyo hivyo. Tukuzoee."