Nafasi ya Nyasi Nyuma ya Nyumba

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Mariyamu alisimama mlangoni na kutazama Ziwa Tanganyika. Alitaka kujua kama limesogea.

Hakuwa mwoga wa bure. Nyumba yake ya kwanza, kando ya ziwa hapo Rumonge, ilimezwa na maji polepole. Kilianza choo, likafuata jiko, mwisho chumba cha kulala. Ndipo yeye na mume wake Aruna, mvuvi, wakapata parsele, yaani kiwanja, kwenye kartie mpya, mtaa wa huku juu karibu na mlima. Walihama na mama yake Aruna, Bibi Sumaya, ambaye alitembea kwa fimbo, tena kidogo kidogo.

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na nafasi ndefu ya nyasi na miti. Ilitoka mlimani mpaka barabara ya ziwani. Pembeni yake palikuwa na njia ya miguu, imeinuliwa kidogo. Hakuna aliyejenga hapo. Mariyamu alipoiona, mikono ikaanza kumuwasha.

"Aruna, hii nafasi iko bure tu," alisema. "Ndagala yangu nitaanika wapi? Juu ya paa?"

"Watu wa komine walisema tusiguse. Iko kwenye plani."

"Plani inakula ndagala?"

Aruna alicheka tu. Kumshinda Mariyamu kwa maneno si kazi ya mtu mmoja. Basi Mariyamu aling'oa nyasi. Alimwaga mchanga, kama ule wa ufukweni alikozoea, akaanika ndagala, wale samaki wake wadogo wa kuuza. Mbuzi walipomsumbua, alizungushia mabati mpaka kwenye ukuta wa nyumba. Jirani yake Fahadi naye akakata miti, akapanda mihogo. Njia ikafungika.

Siku moja alikuja Clotilda, mfanyakazi wa komine, serikali ya pale, anayeshughulika na viwanja.

"Amahoro, mama Mariyamu."

"Amahoro. Karibu, mwanangu."

"Mama, hii mabati uitoe. Hapa ni pa kartie yote. Watoto wacheze, watu wapite, na maji ya mvua ipite."

"Maji? Maji iko kule chini! Mimi ninaijua. Ilikula nyumba yangu."

Clotilda alinyoosha kidole kuelekea mlimani. "Angalia na huku, mama."

Mariyamu hakuangalia.

Mvua kubwa ilikuja mwezi wa kumi na moja, mchana. Aruna alikuwa amekwenda Magara kutengeneza mtumbwi. Mariyamu alikimbilia mlangoni kutazama ziwa. Ziwa lilikuwa mbali, palepale. Akashusha pumzi.

Kisha akasikia mngurumo nyuma yake.

Maji mekundu yalishuka kutoka mlimani. Yaligonga mabati yake, yakakosa pa kupita, yakageukia nyumba. Yaliingia kwa mlango wa nyuma, yakapanda haraka. Uwanja wa mbele ulikuwa chini zaidi, na sasa maji yalifika kiunoni.

"Mwanangu," Bibi Sumaya aliita kitandani, "maji iko kwa miguu yangu."

Usalama ulikuwa mahali pamoja tu, kwenye ile njia ya nyuma, iliyoinuliwa. Na Mariyamu mwenyewe ndiye aliyeifunga kwa misumari. Alivuta bati kwa mikono mpaka vidole vikatoka damu. Bati halikutoka.

"Fahadi! Fahadi weee! Mama anakufa!"

Fahadi alikuja na shoka. Alipiga bati moja, mawili, matatu. Maji yakapata upenyo, yakakimbia kuelekea ziwani, na ndani ya nyumba yakaanza kushuka. Walimbeba Bibi mpaka njiani, amelowa, anatetemeka, lakini mzima.

Kesho yake Clotilda alirudi. Mariyamu alingoja kugombezwa. Hakugombezwa.

"Nyasi inashika udongo, mama," Clotilda alieleza. "Miti inapunguza nguvu ya maji. Pale katikati tuliacha bonde dogo, maji ifuate mpaka ziwani. Na njia tuliinua, ili mutu akimbie bila kuzama."

"Nilijua ziwa tu," Mariyamu alisema, machozi yakimtoka. "Na ndagala sasa?"

"Iko nafasi ya soko pale barabarani. Mujenge vichanja vya wavu, virefu kufika kiunoni. Upepo unapita juu na chini. Samaki inakauka mbio, na haina mchanga."

Watu wa kartie walitoa mabati yote. Walirudisha nyasi, wakapanda miti, wakakubaliana kwamba hakuna atakayeziba tena. Ndagala za Mariyamu zikawa safi, na wanunuzi wakamzoea.

Mwezi wa nne mvua kubwa ilirudi. Mariyamu alisimama mlango wa nyuma, mkono kifuani.

"Imefika wapi?" Bibi Sumaya aliuliza.

"Inapita, mama. Inapita kwenye nyasi."

"Basi ikiisha nipe fimbo yangu. Nataka kutembea."

Na Bibi alitembea kwenye ile njia, peke yake, kidogo kidogo.

Mariyamu bado anaogopa. Kila asubuhi anatazama ziwa, halafu anageuka, anatazama mlima. Juzi alimkuta huko nyuma jirani mgeni, Mulamba, amebeba mabati begani.

"Mama, hii nafasi iko bure?"

"Haiko bure. Iko na mwenyewe."

"Nani?"

Mariyamu alinyoosha kidole kuelekea mlimani.

"Akikuja, hapigi hodi," alisema. "Rudisha mabati yako, baba."