Samaki wa Buluu kwenye Kisanduku

Kila alipotoka shule, Chiriku hakupitia nyumbani. Alishika njia ya dukani kwa shangazi yake, akavua viatu mlangoni, akatundika mkoba kwenye msumari na kunawa mikono hadi kwenye viwiko. Jina la Chiriku alipewa na shangazi huyo huyo, kwa sababu tangu ajue kusema alikuwa hajui kunyamaza. Alizungumza na wateja, alizungumza na pampu za hewa, na wateja walipokwisha alizungumza na samaki, ambao angalau hawakumkata kauli.

Duka lilikuwa la samaki wa mapambo wa maji ya chumvi. Mbele, penye dirisha kubwa la kioo, palikuwa na tangi refu kama kitanda, lenye matumbawe, kamba wadogo na samaki wa kila rangi. Hao hawakuuzwa. Shangazi aliwafuga ili wapita njia wavutike na kuingia. Mnene wao alikuwa samaki wa manjano aliyewafukuza wenzake kila chakula kilipotiwa, ndiyo maana dukani aliitwa Bosi. Kulikuwa pia na kisamaki cha rangi ya machungwa chenye mistari myeupe, ambacho hakikutoka pembeni mwa jiwe lake hata kwa dawa.

Kwenye chumba cha nyuma, kilichotengwa kwa pazia, kulikuwa na tangi dogo lisilo na mchanga wala mawe, ila vipande vichache vya bomba la plastiki vya samaki kujifichia. Hilo lilikuwa tangi la karantini. Kila samaki mgeni alikaa humo kwa majuma kadhaa, atazamwe, atibiwe kwa dawa ya shaba akiwa mgonjwa, ndipo akutane na wenzake wa mbele. Tangi hilo lilikuwa na wavu wake, ndoo yake na kitambaa chake, vyote vimefungwa utepe mwekundu visije vikachanganyika na vya mbele. Hata kazi ilikuwa na utaratibu wake: mtu alihudumia kwanza tangi la mbele, akamalizia na la nyuma, kisha akanawa. Aliyeanza na la nyuma hakuruhusiwa tena kugusa la mbele siku hiyo, awe nani. Chiriku aliyajua yote hayo kwa moyo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye.

Mambo yalianza pale mzamiaji alipoleta samaki wa buluu mwenye mkia wa manjano. Mzamiaji alikuwa mzee mwembamba aliyewakamata samaki kwa mkono, mmoja mmoja, na sehemu kubwa ya alichovua alimuuzia Shangazi. Samaki yule alikuwa na madoa meupe kama chembe za chumvi. Shangazi hakumlaumu mtu. Alisema karantini iko kwa ajili hiyo, akapima dawa ya shaba, akaitia. Baada ya siku chache madoa yakatoweka. Chiriku akashangilia kwamba mgeni amepona, lakini Shangazi akatikisa kichwa na kumweleza kuwa vile vidudu vya madoa hudondoka vyenyewe, vikaenda kuzaana, kisha vikarudi vingi kuliko mwanzo. Kwa hiyo samaki anaweza kuonekana safi na bado akawa mgonjwa. Chiriku aliitikia, ila moyoni alisema watu wazima hupenda kuongeza mambo.

Darasani alikuwa ameshamsifia samaki huyo mpaka wenzake wakasema anapiga chuku. Basi siku moja watatu wakamfuata hadi dukani wakaone kwa macho yao. Shangazi alikuwa ametoka kumpelekea mteja chujio. Nyuma ya pazia wageni hawakuruhusiwa kuingia, na isitoshe samaki alikuwa amejibanza ndani ya bomba, haonekani. Wenzake wakaanza kucheka.

Dukani kulikuwa na kisanduku cha plastiki angavu chenye matundu, kilichotundikwa ndani ya tangi samaki mgeni alipozoeshwa kwa wenyeji. Chiriku akamchota samaki wa buluu, akamtia kisandukuni, akakitundika kwenye tangi la mbele chini ya taa. Ilikuwa kwa muda mfupi tu, alijiambia, na ndani ya kisanduku hagusani na mtu. Chini ya taa ile samaki aling'aa kweli. Wenzake walibaki midomo wazi, na Chiriku akajiona yeye ndiye aliyemuumba. Walipoondoka alimrudisha nyuma, akakifuta kisanduku, akakiweka mahali pake. Shangazi aliporudi hakugundua kitu.

Juma lililofuata Bosi alianza kujisugua kwenye mawe. Kesho yake madoa meupe yakamtapakaa kwenye mapezi, kisha yakahamia kwa wenzake. Shangazi alisimama mbele ya tangi, mikono kiunoni, akijiuliza kwa sauti ni kitu gani kilichoingia humo. Akakumbuka konokono wa kusafisha vioo aliowatia humo siku chache nyuma. Mzamiaji ndiye aliyewaleta, akamhakikishia kuwa walikaa muda mrefu kwenye beseni lisilo na samaki, ambamo vidudu hufa, naye Shangazi akawatia moja kwa moja kwa kumwamini. Palepale akampigia simu. Mzamiaji aliapa kuwa hakudanganya, lakini Shangazi alimwambia asilete tena chochote dukani kwake, akakata. Kisha akawatoa konokono wote, akitumaini kuwa vidudu walivyoleta ni vichache na samaki watajiponea wenyewe.

Chiriku alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, ameshika kopo la chakula cha samaki. Alijiambia atasema Shangazi akishapoa. Shangazi alipopoa, akajiambia atasema kesho. Kesho ilipofika, kisamaki cha rangi ya machungwa kilikuwa kimelala ubavu pembeni mwa jiwe lake, hakipumui.

Tangu hapo Chiriku alipoa kama maji ya mtungi. Chakula hakikupita. Mama yake alimshika paji la uso kila jioni akitafuta homa ambayo haikuwapo, na kadiri alivyohurumiwa ndivyo alivyozidi kujichukia. Dukani alinawa, akafuta vioo, akajitia hamnazo kila jina la mzamiaji lilipotajwa. Usiku alimwona ndotoni mzee yule akirudi nyumbani na ndoo zake zimejaa samaki wasio na mnunuzi.

Siku moja mchana mzamiaji akaja mwenyewe, kwa baiskeli, beseni lake limefungwa nyuma kwa kamba. Alilifungua akaliweka sakafuni ili Shangazi alione.

"Mama, humu ndimo walimokaa," alisema. "Samaki hajawahi kuingia humu. Miaka yote hii ninakuuzia, leo nije nikudanganye kwa konokono?"

"Baba, mimi sipendi kugombana na wewe," Shangazi alimjibu. "Lakini samaki wangu wameugua, na kitu pekee kilichoingia kwenye tangi hili ni chako."

Mzee aliinama akaanza kulifunga tena beseni. Fundo lilimshinda mara ya kwanza. Alipomwona Chiriku kando ya pazia, akajaribu kutabasamu.

"Chiriku, leo hata salamu hakuna? Au na wewe umenikasirikia?"

Chiriku alimwamkia, kisha machozi yakamtangulia.

"Si kitu chake," alisema. "Ni mimi. Nilimtia yule wa buluu kwenye kisanduku, nikakitundika humu wenzangu wamwone. Lakini hakugusana na mtu, Shangazi. Alikuwa ndani ya kisanduku."

Shangazi akakichukua kisanduku rafuni, akamwonyesha.

"Haya matundu ni ya nini?"

"Ya kupitisha maji," Chiriku alijibu, na hapo ndipo alipoelewa vidudu vilipopitia.

Alitarajia kufokewa. Badala yake Shangazi alimgeukia mzamiaji, akapiga goti. Alimwomba radhi, akakiri kuwa amemvunjia heshima bila hata kuuliza kwanza watu wake mwenyewe. Mzee akamwinua, akasema yaliyopita yamepita, ila hawa samaki wasipotolewa leo kesho watakuwa wachache. Akakunja mikono ya shati.

Wakafanya kazi mpaka jua likatua. Dawa ya shaba isingeweza kutiwa kwenye tangi la mbele, kwa kuwa ingewaua kamba na matumbawe, hivyo ilibidi samaki wote watolewe. Walipunguza maji, wakaondoa mawe moja moja, mzamiaji akawakamata samaki kwa mikono yake mipole, na Chiriku akachukua ndoo hadi kwenye pipa kubwa walilolitayarisha nyuma. Tangi la mbele lingekaa bila samaki kwa majuma mengi, mpaka vidudu vikose wa kumshambulia na kufa vyenyewe.

Shangazi hakumpiga wala hakumfukuza. Alimpa adhabu moja tu: kila mteja atakayeuliza samaki wamekwenda wapi, atajibiwa na Chiriku, na atajibiwa ukweli.

Nao waliuliza, mmoja baada ya mwingine. Mwanzoni Chiriku alijibu akitazama vidole vya miguu yake. Wenzake wa darasani nao wakaja, akawaambia kilichotokea baada ya wao kuondoka siku ile, na safari hii hakuna aliyecheka. Siku zilivyokwenda aliweza kueleza habari ya madoa, matundu na karantini bila kugugumia, ingawa kila alipofika kwenye kisamaki cha rangi ya machungwa alipunguza sauti.

Hatimaye samaki walirudishwa mbele, Bosi akiwa wa kwanza, na kabla maji hayajatulia alikuwa ameshamfukuza mtu. Mzamiaji, ambaye sasa alileta mzigo kama zamani, alicheka mpaka akakohoa. Chiriku naye alicheka, kisha macho yakamwendea kwenye lile jiwe la pembeni. Mzee alipoondoka, Chiriku alimuuliza Shangazi kama bado amemkasirikia.

"Hasira imekwisha," Shangazi alisema. "Kumtia samaki kwenye kisanduku ulikuwa ujinga wa kitoto, na ujinga unafundishika. Kunyamaza ulichagua mwenyewe, kila siku ulipoingia hapa. Siku ile nilipompigia mzee simu ungesema, tungewatoa jioni ile ile, na yule mdogo pengine angekuwa hai."

Kisha akampa Chiriku kopo la chakula cha samaki.

"Utakosea tena, mwanangu, kama mimi nilivyomkosea mzee wa watu. Ukikosea, njoo uniambie siku hiyo hiyo, hata kama unajua nitafoka. Mimi nikifoka, jioni nimeshasahau. Samaki akifa harudi."